Mkono Usizibe Mdomo: Kujifunza Kuzungumza Mbele ya Watu Ukiwa Chuoni

Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mhasibu na mzaliwa wa Ngarenanyuki, mbele ya wanachama na wanafunzi wa vyuo katika mkutano wa mwaka wa chama, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu washili mliosafiri kutoka nyumbani, wachungaji, mama zangu, ndugu wanachama, na ninyi wadogo zangu wa vyuoni mliojipanga kule nyuma karibu na mlango. Wazee, shikamooni. Kwa wengine wote, itifaki imezingatiwa.

Maneno hayo mawili yameniokolea dakika nyingi. Nimewahi kukaa kwenye hafla ambayo msemaji alipewa dakika 10, akatumia 6 kuwatambua wageni ambao walikuwa wameshatambuliwa na watu watatu kabla yake. Alipofika kwenye jambo lenyewe, akaletewa kikaratasi kwamba muda umekwisha. Wadogo zangu, hilo ndilo somo la kwanza, na limeshapita.

Kamati imeniomba nieleze jinsi mwanafunzi wa chuo anavyoweza kujifunza kuzungumza mbele ya watu. Wengine mtashangaa kwa nini aitwe mhasibu, maana sisi tunajulikana kwa kuzungumza na kikokotoo. Nitafika huko. Kwanza nianze na deni.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa wazee wetu kwa nguvu Ngarenanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wapo humu ndani ambao babu zao walihamishwa siku zile, na habari hizi wamezisikia jikoni kabla ya kuzisoma popote. Wameru walichanga fedha. Mwaka 1952 mchango huo ukampeleka Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyotupata. Mwalimu Nyerere naye alizungumza mbele ya Baraza hilo hilo mwaka 1955, na nauli yake ilitokana na michango ya wanachama wa TANU. Kirilo alikuwa ametangulia miaka mitatu.

Naomba tuitazame safari ile kihasibu. Fedha ile haikununua bati wala saruji. Haikurudisha ardhi mwaka ule. Ilinunua nafasi ya mtu mmoja kueleza jambo la watu wake kwa mpangilio, mbele ya watu wengi ambao hawakujua mlima Meru uko upande gani wa dunia. Mkaguzi wa leo angeuliza stakabadhi ya mali iliyonunuliwa, na isingekuwepo. Lakini hakuna mzee wa Kimeru aliyewahi kuniambia kwamba fedha ile ilipotea bure. Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi ile, kikatolewa Nairobi mwaka 1967, na bado wasomi wanakitaja.

Sasa tuje kwetu. Chama hiki kimesomesha. Tumejenga madarasa, tumelipa ada, na kila mwaka orodha ya wahitimu inarefuka. Lakini nyumbani, mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa, ambao kwa sheria unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, mapato na matumizi yakisomwa, ni nani anayesimama kuuliza? Mara nyingi ni yule yule mzee mmoja ambaye wote tunamjua, anayeanza na mwaka 1974 na kufika kwenye swali jua likiwa limezama. Kijana mwenye shahada aliyekuja likizo amesimama pembeni chini ya mti anachezea simu. Ameiona hitilafu kwenye hesabu. Ameiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Jioni atawaeleza wenzake, vizuri kabisa, akiwa amekaa juu ya pikipiki.

Sisemi hivyo kumsuta. Najua kinachomkalia kooni, na kwa sisi tuliotoka upande wa Ngarenanyuki, Leguruki, King'ori na Maji ya Chai, kipo kitu cha ziada ambacho leo nataka nikitaje kwa jina lake. Ni meno.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi tuliyokulia yana mara kadhaa ya hapo, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano kabla ya kutufikia. Mtoto akiyanywa katika miaka ile ambayo meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi, jino linatoka likiwa na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki wala mkaa utakaoyaondoa. Haihusiani na usafi. Ni jiolojia. Lakini ukifika shule ya bweni mkoa mwingine, hakuna anayekupa nafasi ya kueleza jiolojia. Unapewa jina la utani wiki ya kwanza, na mkono wako unajifunza kupanda wenyewe kila unapofungua mdomo.

Wengi humu mnaujua mkono huo. Unakuja polepole, kama mtu anayejikuna pua. Ukizungumza, unazungumza ndani ya kiganja. Ukicheka, unageukia ukutani. Na mtu wa mbali anayekutazama hajui habari ya maji. Anaona mtu anayeficha kitu. Kwenye chumba cha usaili hiyo ni hasara kubwa.

Niliingia Mlimani mwaka 2002 kusoma biashara, nikiwa na mkono huo. Mwaka wa kwanza tulikuwa na kazi za vikundi, watu wanane kwa kikundi, na kila kikundi kilijigawa kwa namna ile ile: mwenye Kiingereza cha kuteleza anawasilisha, wengine wanafanya kazi. Mimi nilikuwa wa kufanya kazi. Nilikokotoa, nikachora majedwali, nikaandika kwa mwandiko safi, halafu siku ya kuwasilisha nikasimama nyuma ya mwenzangu kama mshumaa. Alama tulipata sawa. Lakini mhadhiri akitukuta koridoni alimsalimia yule kwa jina lake, sisi saba alitusalimia kwa wingi.

Aliyenitoa hapo ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtu wa Kagera, ambaye alikuwa na kigugumizi. Nasisitiza hilo: alikuwa na kigugumizi. Aliwakusanya watu saba kila Jumamosi asubuhi kwenye kimbweta, saa ambayo wengine wamelala au wanafua. Hapakuwa na ada, kipaza sauti wala cheti. Palikuwa na saa ya mkononi. Kila mtu alizungumza dakika 3 juu ya jambo lolote, amesimama, na wengine sita wamekaa wanamtazama. Mmoja alishika saa. Mwingine alihesabu ni mara ngapi umesema "yaani", "kwa hiyo" na ule mlio wa "eee" unaotoka mtu anapotafuta neno. Ukimaliza, unaambiwa jambo moja ulilofanya vizuri na jambo moja la kurekebisha Jumamosi ijayo. Moja tu. Mtu wa pili akitaka kuongeza kasoro ya pili, alinyamazishwa.

Sheria hiyo ya kasoro moja naiona ndiyo iliyofanya kazi kuliko nyingine zote. Mtu akiambiwa makosa kumi anatoka na aibu tupu. Akiambiwa moja, analo la kufanyia kazi kuanzia Jumapili hadi Ijumaa.

Yangu ya kwanza haikuwa "yaani". Yule bwana wa Kagera aliniuliza, "Mkono wako unaficha nini?" Nikasema meno. Wakanitazama. Mmoja akaniambia kwamba alidhani nina maumivu ya jino, mwingine kwamba alidhani nawadharau. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewaza rangi. Basi zoezi langu la wiki ile likawa hili: nishike daftari kwa mikono miwili, mbele ya kifua, nisiliachie mpaka dakika 3 ziishe. Mikono ikiwa na kazi haiwezi kupanda. Nilishika daftari lile kwa karibu miezi miwili. Siku nilipoliweka mezani, mikono ilibaki chini yenyewe.

Meno hayakubadilika. Mnayaona.

Baadaye, nikiwa kazini, niligundua kwamba utaratibu wetu wa kimbweta ulikuwa na ndugu yake mkubwa. Mwaka 1924 Mmarekani mmoja, Ralph Smedley, alianzisha kule Santa Ana, California, chama cha watu wanaojifunza kuzungumza, kinachoitwa Toastmasters, na leo vilabu vyake vimeenea duniani hadi hapa Dar es Salaam. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7. Dakika ya 5 msemaji anaonyeshwa kijani, ya 6 njano, ya 7 nyekundu. Yupo wa kuhesabu milio na maneno ya kujazia. Yupo wa kutoa tathmini kwa dakika 2 au 3, naye anapimwa kwa saa. Pia kuna sehemu ya kuitwa ghafla, unapewa swali pale pale na kulijibu kwa dakika moja au mbili. Watu wa mataifa mbalimbali wamefika mahali pamoja na sisi wa kimbweta: saa, msikilizaji mkweli, na kurudia kila wiki. Ninyi mnaosoma hapa mjini mnaweza kwenda kuangalia. Ila msingoje kuwa na klabu ndipo muanze.

Niseme pia kwamba sizungumzii wale wahamasishaji wanaotoza kiingilio na kupiga kelele hotelini. Kelele si hotuba. Mtu akitoka ukumbini amechangamka lakini hawezi kumweleza mkewe alichosikia, ameuziwa upepo.

Sasa mambo machache ya vitendo, na nitakaa zaidi kwenye yale ambayo vijana wetu yanawasumbua.

La kwanza ni kuandika. Usiandike hotuba nzima ukaisoma, na usisimame bila kitu. Andika sentensi ya kwanza na ya mwisho kama zilivyo, neno kwa neno, kwa sababu hapo ndipo woga unapokaba. Katikati andika vichwa vya hoja tu, kwenye karatasi ndogo ngumu isiyotetemeka. Karatasi laini ya A4 inatangaza hofu yako hadi safu ya mwisho.

La pili ni ukimya. Ukikosa neno, nyamaza. Sekunde mbili kwako ni mwaka, kwa msikilizaji ni pumzi. Wazee wetu kwenye vikao vya ukoo wanalijua hili kuliko sisi tuliosoma. Mshili mzuri anasimama, anashika fimbo yake, anatazama, na kabla hajasema neno watu wameshatulia. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amekaa miaka mingi anasikiliza wakubwa zake wakisema, rika kwa rika, akapewa nafasi ndogo, kisha kubwa zaidi. Sisi tulipelekwa shule za bweni, tukaukosa mlolongo ule, na chuo hakikutupa mwingine mahali pake. Ndiyo maana nasema chuo ni mahali pa kuutengeneza upya.

La tatu ni lugha, na hapa nina maoni makali kidogo. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaambiwa afikiri kwa Kiingereza kuanzia Jumatatu. Wengi hunyamaza siku hiyo, na wengine hawajafungua mdomo tena. Anafika chuoni amezoea kunakili na kudesa, kwa sababu kuuliza swali kunahitaji lugha ambayo hana uhakika nayo. Ushauri wangu kwenu ni huu: panga jambo lako kwa Kiswahili kwanza. Liseme lote kwa Kiswahili, kimbwetani, mpaka lina kichwa, kiwiliwili na miguu. Kisha ndipo ulivushe. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara nyingi, na nawaambia kwa uzoefu: Kiingereza chenye kasoro kinachoeleza jambo lililopangwa kinashinda Kiingereza cha kuteleza kisichofika popote. Wale wanaokucheka kwa sababu ya kitenzi hawakuajiri.

Kwenye usaili huo swali la kwanza huwa "jieleze". Vijana wetu wengi huanza kusoma upya kile kilichoandikwa kwenye barua ya maombi, kuanzia shule ya msingi. Sisi tumeshakisoma, kiko mbele yetu. Tunataka dakika mbili: wewe ni nani, umefanya kitu gani mwenyewe kwa mikono yako, na kwa nini kazi hii. Nimemwona binti mmoja wa kwetu, mwenye alama za juu kuliko wote siku ile, akijibu kwa sauti iliyoishia kwenye meza. Nilitamani nimwinue kidevu. Kanuni haziniruhusu, na wenzangu wakaandika walichosikia, ambacho ni karibu na sifuri. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, wala hapakuwa na upendeleo wowote. Ndiyo iliyoniuma zaidi, maana ningeweza kulalamika.

Nilisema nitaeleza kwa nini aitwe mhasibu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilitumwa kwenye kikao cha bodi kwa sababu mkubwa wangu alikuwa mgonjwa. Taarifa ilionyesha faida ya mamilioni, na mishahara ya mwezi ule ilikuwa imekwama. Mjumbe mmoja, mzee wa heshima asiye mtu wa hesabu, akauliza: kama faida ipo, hela iko wapi? Ningeweza kueleza tofauti ya taarifa ya mapato na ya mtiririko wa fedha, na kuanza habari ya wadaiwa kwa lugha ya mtihani wa Bodi ya Wahasibu. Nikamwambia, "Mzee, tumeuza ng'ombe kwa mkopo. Ng'ombe ameshaondoka, hela haijaja. Kwenye daftari tumepata faida, mfukoni hatuna kitu." Akacheka, akasema, "Basi mfuateni mwenye ng'ombe." Bodi ikaamua siku ile ile kufuatilia madeni. Maneno yale niliyachota kwenye mnada wa nyumbani. Uwezo wa kuyasema nikiwa nimesimama, mikono chini, niliupata kimbwetani.

Namba zina ugumu wake mdomoni. Msikilizaji hana jedwali mbele yake. Ukimwambia shilingi 48,763,250 amesahau kabla hujafika kwenye senti. Mwambie karibu milioni 49. Ukimwambia asilimia 20, mwambie kwamba katika kila shilingi 100 tunazopata, 20 zinakwenda kwenye usafiri. Na usimpe namba zaidi ya tatu kwa mkupuo. Hili nawaambia pia waweka hazina wa vijiji na vikundi vya akiba mlio hapa: mkisoma mapato na matumizi kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, watu watadhani mmekula hata kama hamjala.

Jambo jingine ni kina dada. Kwenye vikao vyetu, na hata kwenye ratiba ya leo, "neno kutoka kwa akina mama" liko mwisho, wakati watu wameanza kutafuta kofia zao. Binti akikua anaona hivyo, hahitaji mtu wa kumwambia anyamaze. Kimbwetani kwetu tulikuwa wavulana watano na wasichana wawili, na yule bwana wa Kagera aliweka kanuni kwamba msichana aanze. Mmoja wao ni yeye aliyekuwa akihesabu "yaani" zangu. Siku moja alihesabu 31 katika dakika 3. Naomba kamati ya ratiba ya mwakani ilipokee hili bila kununa.

Nije kwenye ombi, maana kijitabu hiki ni cha harambee na mweka hazina ananitazama.

Napendekeza chama kianzishe mazoezi ya kuzungumza kwa wanafunzi wetu walioko vyuoni hapa Dar es Salaam, mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumamosi asubuhi, kwa miezi 8 ya masomo. Tuanze na wanafunzi 30, wagawanyike vikundi vitano vya watu sita, ili kila mmoja azungumze kila siku ya mazoezi. Mwanachama mmoja amekubali kutupa madarasa ya shule yake bila malipo. Walezi ni sisi wenyewe: tumo humu wanasheria, walimu, wauguzi, wachungaji, madalali, na mama mmoja anayeuza mitumba ambaye namwona anaweza kumfundisha profesa yeyote namna ya kumshika msikilizaji. Hatulipani.

Gharama ni nauli na chai. Nimeweka shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi kwa kila Jumamosi, maana najua bumu likichelewa hata nauli ya daladala inakuwa mtihani, na asiye na nauli ndiye hasa tunayemtaka. Wanafunzi 30, mara 16, ni shilingi 2,400,000. Saa za ukutani, karatasi na kalamu za ubao, shilingi 200,000. Jumla milioni 2 na laki 6. Gharama ya hema na muziki wa leo mtaiona kwenye taarifa ya mweka hazina, mimi siisemi.

Fedha hizi zisichukuliwe kwenye mfuko wa ada wala kwenye mradi wa maji. Nalisema kwa herufi kubwa, kwa sababu maji salama nyumbani yanatangulia kila kitu nilichozungumza hapa. Mtoto anayezaliwa leo Ngarenanyuki akinywa maji mazuri hatahitaji kushika daftari kwa mikono miwili. Hawa waliokwisha kukua ndio ninaowaombea, na nimeomba uandikwe mstari wa pekee kwenye fomu ya ahadi, chini ya mstari wa maji, umeandikwa "Mazoezi ya wanafunzi". Mimi nimeshaandika yangu shilingi 300,000, na fedha nimemkabidhi mweka hazina asubuhi hii, stakabadhi ninayo.

Wadogo zangu, Jumamosi ya kwanza baada ya vyuo kufunguliwa, saa 3 asubuhi. Mada ya siku ya kwanza ni rahisi: kijiji chako, kwa dakika 3, kwa mtu ambaye hajawahi kufika. Hakuna atakayeruhusiwa kusoma. Katibu wa vijana ana daftari la majina pale mlangoni, na kwa kuwa mmekaa karibu naye, sioni sababu ya mtu kutoka bila kujiandikisha.

Ndugu Mwenyekiti, saa yangu inaonyesha nimebakiza dakika moja. Nawaachia wenye maswali. Naomba swali la kwanza litoke kule nyuma, na liulizwe na binti, akiwa amesimama.